Diwani wa Mchana, Mwizi wa Usiku

Hadithi za upelelezi tunazipenda sana hapa shuleni. Vile vitabu vya Bwana Msa vya Mohamed Said Abdulla havikai kwenye rafu ya maktaba hata siku mbili; kikirudishwa tu, mwingine keshakinyakua. Lakini katika hadithi nyingi za aina hiyo mpelelezi huwa ni mtu wa ajabu kidogo. Anavuta kiko, anatazama dari, halafu anamtaja mwenye hatia mbele ya watu wote nao wanabaki vinywa wazi. Je, mambo huenda hivyo kweli? Mtu anayependwa na mji mzima, ambaye hakuna anayeweza hata kumdhania ubaya, hukamatwaje? Nitaeleza kwa kisa kimoja cha kweli, kilichotokea Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, mwaka wa 1788. Huo ulikuwa wakati ambapo Mombasa yetu ilikuwa mikononi mwa akina Mazrui. Ni zamani, ndiyo, lakini soma kwanza.

Bwana mwenyewe aliitwa William Brodie. Alizaliwa mwaka wa 1741, baba yake akiwa fundi seremala mkubwa na mwenye mali. Mzee huyo alipofariki mwaka wa 1782 alimwachia mwanawe pauni 10,000 pamoja na nyumba kadhaa. Tukumbuke kwamba pauni moja ya siku hizo ilikuwa pesa kweli kweli. William naye alikuwa fundi hodari wa makabati na meza, akachaguliwa kuwa mkuu wa chama cha maseremala. Cheo hicho huko kwao kiliitwa "Deacon", na ndiyo maana hadi leo wanamwita Deacon Brodie. Asije mtu akadhani alikuwa shemasi wa kanisa, hasha! Ukuu wa chama hicho ndio uliompa kiti katika baraza la mji. Kwa hiyo, kwa lugha yetu, alikuwa mheshimiwa diwani.

Na diwani huyu alipendeza! Mfupi wa kimo, futi 5 na inchi 4 tu, lakini nadhifu, mcheshi, mwenye maneno matamu, msema na wakubwa na wadogo. Alikuwa mwanachama wa klabu ya mabwana waliokutana jioni kunywa, kuimba na kutaniana. Baraza lilimpa kazi za ukarabati, na kazi yenyewe ilikuwa pamoja na kutengeneza milango na kufuli. Mwenye duka akipotelewa na ufunguo, anaitwa nani? Mheshimiwa Brodie. Mwenye benki akitaka mlango mpya, anaitwa nani? Yule yule.

Sasa hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu kufuli ndilo jambo lenyewe. Wenye maduka wa Edinburgh wakati huo walikuwa na mazoea ya kutundika ufunguo wa duka kwenye msumari nyuma ya mlango mchana kutwa. Brodie aliingia kusalimu, akaongea mawili matatu, akacheka. Mfukoni alikuwa na donge la puti, ile ambayo mafundi hubandikia vioo vya madirisha. Mwenye duka akigeuka tu, ufunguo unabanwa ndani ya puti, unatolewa, unarudishwa msumarini. Alama imebaki. Nyumbani kuna karakana, tupa na vyuma, na mkono wa fundi. Kesho yake ufunguo wa pili uko tayari. (Sisi tulio bweni tunaujua ujanja huu, isipokuwa sisi tunasikia ukifanywa kwa sabuni ya kufulia. Sitaji mtu.)

Ukiamka asubuhi ukute duka tupu, mlango umefungwa vizuri kama ulivyouacha na kufuli halina hata mkwaruzo, utamshuku nani? Utawashuku watumishi wako, utamshuku karani, utajishuku hata wewe mwenyewe kwamba labda ulisahau kufunga. Halafu utamwita fundi mwaminifu aje akubadilishie kufuli. Ndipo Brodie anakuja tena, anakupa pole, anapokea malipo!

Kwa nini mtu mwenye mali hivyo aibe? Jibu ni kamari. Karibu kila usiku alikuwa kwenye kilabu kimoja cha pombe katika kichochoro cha wauza nyama, akicheza dadu, tena wakati mwingine dadu zilizotiwa uzito ili ziangukie upande anaoutaka. Alikuwa pia mtu wa kupiganisha majogoo, akiweka dau kubwa kubwa. Juu ya hayo alikuwa na wanawake wawili, Anne Grant na Jean Watt, na watoto watano kati yao, bila ndoa na kila mmoja nyumba yake. Hesabu yake haiendi, hata kwa urithi wa pauni 10,000.

Hata hivyo mimi binafsi sidhani ilikuwa shida ya pesa peke yake. Mtu mwenye shida ya pesa huuza nyumba. Brodie alikuwa na nyumba za kuuza. Nadhani aliupenda ule mchezo wenyewe, wa kukaa barazani mchana akisikiliza wazee wakilalamika juu ya wizi, akitikisa kichwa pamoja nao.

Kuna hadithi ambayo watu wa Edinburgh wanaisimulia hadi leo. Bibi mmoja mzee hakwenda kanisani siku ya Jumapili kwa sababu ya ugonjwa. Akiwa peke yake nyumbani akaingia mtu aliyejifunika uso, akachukua funguo mezani, akafungua dawati, akatoa pesa, akafunga, akarudisha funguo pale pale, akainama kwa heshima na kuondoka. Bibi akajisemea kuwa mtu huyu ni Brodie kabisa! Lakini hakumwambia mtu. Nani angemwamini? Kama hadithi hii ni ya kweli au imetiwa chumvi, inaeleza vizuri ngao aliyokuwa nayo mheshimiwa. Si kwamba hakuonekana. Hata aliyeona aliyakataa macho yake.

Mambo yalianza kuharibika alipopata wenzake. Kuanzia mwaka wa 1786 alijiunga na watu watatu: George Smith, Mwingereza mwenye duka dogo na aliyejua mambo ya kufuli, Andrew Ainslie, fundi viatu aliyependa kamari kuliko viatu, na John Brown, ambaye alikuwa mhalifu mtoro kutoka Uingereza, aliyekwisha kuhukumiwa huko kupelekwa ng'ambo kama mfungwa. Mwezi Oktoba 1787 kundi hili liliiba hata rungu la fedha la Chuo Kikuu cha Edinburgh, lile linalobebwa mbele ya wakubwa siku za sherehe. Halikupatikana tena, na baraza la mji likalazimika kukipa chuo rungu jipya mwaka wa 1789. Mwezi Januari 1788 wakavunja duka la hariri la Inglis na Horner, wakabeba vitambaa vya thamani ya pauni mia kadhaa.

Hapo Serikali ikakasirika. Na hapo ndipo upelelezi ulipoanza kwa kweli, kwa hiyo tueleze upelelezi wa siku hizo ulikuwaje.

Hapakuwa na polisi kama tunaowajua. London ilikuwa na maofisa wachache wa mahakama ya Bow Street tangu mwaka wa 1749, lakini jeshi kamili la polisi la London lilianzishwa mwaka wa 1829. Edinburgh ilikuwa na walinzi wa mji, wengi wao wanajeshi wastaafu ambao wahuni waliwacheka njiani. Hapakuwa na alama za vidole, hapakuwa na picha, wala simu. Silaha za mpelelezi zilikuwa tatu tu: zawadi ya pesa, msamaha, na farasi mwenye mbio. Basi likatolewa tangazo gazetini kwamba atakayewataja wezi wa hariri atalipwa, na kwamba hata mshiriki wao, akijitokeza, atapata msamaha wa Mfalme. Tangazo likalala pale kama mtego wa panya. Brown alilisoma. Hakusema kitu. Aliliweka akilini tu.

Kosa kubwa likafanyika tarehe 5 Machi 1788. Brodie alipanga waibe katika Ofisi Kuu ya Ushuru ya Uskoti, iliyokuwa katika ua uitwao Chessel's Court. Huko zilikusanywa kodi za nchi nzima. Alikwisha kwenda mara kadhaa kama mgeni na kuipata alama ya ufunguo kwa puti yake. Usiku huo akachelewa, akafika amevaa nguo nyeusi, bastola mfukoni, amelewa kidogo na anaimba. Ainslie alikaa nje akiwa na filimbi, Brodie akabanza nyuma ya mlango wa kuingilia, Smith na Brown wakapanda ndani wakiwa na chuma cha plau kilichoibwa shambani.

Ilikuwa kama saa mbili na nusu usiku. Mara ofisa mmoja aitwaye James Bonar, ambaye alikwisha kwenda zake nyumbani, akarudi kuchukua kitu alichosahau. Akausukuma mlango, akapita. Brodie, badala ya kutulia, akachomoka akampita mbio na kutokomea gizani! Bonar hakushtuka hata. Alidhani ni mfanyakazi mwenzake mwenye haraka. Akachukua kitu chake akaenda. Lakini Ainslie aliona yote, akakimbia. Smith na Brown walipotoka wakakuta ua mtupu, mheshimiwa kawakimbia.

Na walipata nini? Pauni 16 na chenji. Katika droo ya siri mle mle ofisini zilikuwamo pauni 600 ambazo hawakuziona. Kila mtu akapata kama pauni 4.

Hesabu aliyoipiga Brown baada ya hapo naona hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza angeipiga. Mkononi ana pauni 4 na kiongozi mlevi aliyekimbia. Gazetini kuna zawadi na msamaha, tena msamaha ambao ungeifuta hata ile hukumu yake ya Uingereza. Siku mbili baadaye, Ijumaa usiku, akaenda kwa William Middleton, karani katika ofisi ya mahakama, akafungua kinywa. Usiku huo huo akampeleka chini ya mlima ulio kando ya mji, akamwonyesha jiwe ambalo chini yake zilifichwa funguo bandia. Smith na Ainslie wakakamatwa.

Lakini ajabu ni kwamba Brown hakumtaja Brodie! Wengi wanaamini alitaka kumbana baadaye, awe anamkamua pesa za kunyamaza. Kwa hiyo mheshimiwa alikuwa bado salama. Kama angetulia nyumbani kwake, akavaa vizuri, akaenda barazani, sijui kama kuna ambaye angethubutu kumgusa. Badala yake akaenda gerezani kuomba kuwaona Smith na Ainslie. Akakataliwa. Diwani anataka nini kwa wezi? Jumapili tarehe 9 Machi akatoroka mjini. Kesho yake Smith, aliposikia kuwa bwana mkubwa amewaacha, akaomba kuonana na wakuu wa sheria na kueleza kila kitu.

Mpelelezi wetu anaingia hapa. Aliitwa George Williamson, na kazi yake ilikuwa tarishi wa Mfalme, yaani mpeleka hati za mahakama na mkamataji wa watu. Akaanza na nyumba ya Brodie. Zikapatikana bastola zilizofukiwa uani, funguo bandia, na taa ya kuficha mwanga, sehemu yake moja ikiwa kwenye vizimba vya majogoo. Kisha likatolewa tangazo la zawadi ya pauni 200, pamoja na maelezo ya sura yake: kovu chini ya jicho la kulia, nyusi nyeusi nene, mwendo wake, hata umri. Waliandika kuwa ana kama miaka 48 ingawa anaonekana mdogo zaidi. Kumbe alikuwa na 46 tu!

Williamson akashika njia. Akauliza kwenye vituo vya magari ya farasi, akapata fununu hapa na pale, Dunbar, Newcastle, mpaka London. Akaenda hadi bandari za kusini, Margate, Deal na Dover. Wapi! Brodie alikuwa amejificha London kwenyewe, karibu na watu waliokuwa wakimtafuta. Tarishi akarudi mikono mitupu. Nalisema hili makusudi, kwa sababu vitabuni mpelelezi harudi hivyo, wala hatuonyeshwi jinsi anavyowatazama usoni waliomtuma.

Aliyemkamata Brodie hasa ni kalamu yake mwenyewe. Alipanda meli iliyoitwa Endeavour, ambayo kwa hati ilikuwa inakwenda Leith, bandari ya Edinburgh, lakini baharini nahodha akageuza kwenda Flushing, Uholanzi. Abiria wengine walikuwa mwuza tumbaku aitwaye John Geddes na mkewe. Brodie alijiita John Dixon, akaongea nao vizuri kama kawaida yake. Aliposhuka alimpa Geddes barua tatu azifikishe Edinburgh: moja kwa shemeji yake, moja kwa rafiki yake mmoja, na moja kwa Anne Grant. Katika moja ya barua hizo aliuliza mashindano ya majogoo yaliishaje. Mtu anatafutwa nchi nzima, shingo iko hatarini, naye anauliza habari za kuku!

Geddes alipofika nyumbani akasoma gazetini maelezo ya mtu mwenye kovu chini ya jicho. Akafikiri. Akazifungua barua. Alikaa nazo majuma kadhaa kabla ya kuzipeleka kwa wakuu, na sababu ya kukawia kwake ilizua maneno mengi mahakamani baadaye. Lakini alizipeleka. Habari ikavuka bahari hadi kwa balozi mdogo wa Uingereza katika mji wa Ostend, na Mwairishi mmoja aitwaye John Daly akatumwa kumfuata. Akamkuta Amsterdam, ndani ya kabati, akiwa karibu kusafiri kwenda Marekani. Fundi wa makabati akatolewa kabatini. Sikutunga mimi, ndivyo ilivyokuwa.

Williamson akapata walau heshima ya kumrudisha kutoka London. Waliingia Edinburgh tarehe 17 Julai, na inasemekana mheshimiwa alikuwa mchangamfu njia nzima.

Sasa ugumu wa kisheria, ambao wanafunzi wenzangu wanaotaka kuwa mawakili wauangalie. Brown alikuwa mhalifu aliyehukumiwa, na sheria ya wakati huo haikumruhusu mtu kama huyo kutoa ushahidi. Bila Brown na Ainslie kesi ingebaki na maneno ya Smith, ambaye mwenyewe ni mshtakiwa. Serikali ikamwombea Brown msamaha kamili wa Mfalme, ukapatikana Julai hiyo hiyo, na kwa kipande hicho cha karatasi mwovu kuliko wote akawa shahidi halali. Mawakili wa utetezi walipiga kelele sana juu ya hilo. Mimi nawaunga mkono kidogo. Mtu anayenunuliwa kwa uhai wake atasema lolote. Kilichowaokoa waendesha mashtaka ni kwamba maneno ya Brown yaliungwa mkono na vitu: funguo chini ya jiwe, bastola uani, taa katika vizimba, na zile barua.

Kesi ilianza saa tatu asubuhi tarehe 27 Agosti 1788, ikaenda bila kulala mpaka saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyofuata. Jaji mkuu alikuwa Lord Braxfield, mzee mkali anayeogopwa. Brodie alijitetea kuwa usiku ule alikula nyumbani na wageni, kisha akaenda kulala kwa Jean Watt tangu saa mbili. Jean akaapa hivyo. Baraza la wazee 15 wa mahakama halikumwamini, likawakuta wote wawili, Brodie na Smith, na hatia. Mmoja wa wazee hao, William Creech, alikuwa na duka la vitabu, naye muda mfupi baadaye akachapisha na kuuza habari za kesi aliyoisikiliza mwenyewe. Biashara haina haya.

Gerezani Brodie alichonga bao la drafti sakafuni akawa anacheza, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto asipopata mwenzake. Tarehe 1 Oktoba alipelekwa kunyongwa mbele ya umati mkubwa sana, amevaa suti nyeusi, nywele zimetiwa poda. Kamba ilikuwa fupi, ikabidi irekebishwe, naye akashuka na kupanda tena akiwatania wanyongaji. Watu walikataa kuamini kuwa amekufa. Wakasema alimeza bomba la fedha kooni, ati alionekana Paris. Wengine wakasema alinyongwa kwenye mti wa kunyongea aliouunda mwenyewe. Hizo ni porojo. Mji uliodanganywa miaka mingi ulikuwa bado unataka kudanganywa. Smith, muuza duka mgeni, alinyongwa kando yake siku ile ile, na hakuna aliyemtungia porojo yoyote.

Miaka zaidi ya 60 baadaye, mtoto mmoja mgonjwa mgonjwa wa Edinburgh alikuwa akilala chumba kimoja na kabati lililotengenezwa na Brodie, huku yaya wake akimsimulia habari za fundi huyo. Mtoto huyo ni Robert Louis Stevenson, ambaye sisi Waswahili tunamjua kwa Kisiwa Chenye Hazina. Alipokua aliandika pamoja na rafiki yake W. E. Henley mchezo wa kuigiza juu ya Brodie, na haukufaulu sana. Mwaka wa 1886 akatoa kile kitabu chake cha Daktari Jekyll na Bwana Hyde, mtu mmoja mwenye nafsi mbili, na dunia nzima ikakisoma. Kabati lenyewe bado liko, katika Jumba la Makumbusho ya Waandishi huko Edinburgh, na wanaoliona wanasema ni kazi safi ya fundi.